Mabua ya Ngano ya Edina

Neema alinipigia simu asubuhi nikiwa natupia kuku pumba. Akasema, "Shikamoo, mama mkubwa. Mama ametutoka." Mimi nikaitikia marahaba kwanza, ndipo maneno mengine yakaniingia. Mama anayemsema ni Edina, mke wa Ditriki, na Ditriki ni mdogo wa mume wangu. Tulipika jiko moja kwa karibu miaka miwili, zamani, kabla hajarudi kwao ziwani. Neema akanieleza kwamba mazishi yatakuwa Kihagara keshokutwa, halafu akaniomba nibebe maharage ya kuwapikia waombolezaji. "Yale madogo ya mlimani, mama mkubwa. Mama alikuwa anayataja mpaka juzi." Nikasema nitaleta debe. Nilipokata simu nikaketi na ungo mapajani nikaanza kuchambua, na nitasema ukweli hapa mwanzoni ili msomaji asije akanidhania mema. Kitu cha kwanza kilichonipata hakikuwa huzuni. Nilijiuliza kwa nini ayataje maharage yale mpaka juzi, yeye aliyeyaacha kwangu. Nilimwonea wivu Edina tangu siku alipoingia jikoni kwetu na ndoo ya usipa, dagaa wa kwao, waliokaushwa, na wivu wenyewe nimeutunza vizuri kuliko nilivyotunza vyombo vyangu vya harusi.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa miaka ya tisini, siku zile chama cha ushirika kilipoacha kutuletea pembejeo na maduka ya watu binafsi yakaanza kufunguliwa mjini Mbinga, kila moja na mbolea zake na chupa zake. Wanunuzi wa kahawa walikuja na magari wasiyoyajua hata mbwa wa kijiji. Watu wakawa wanajaribu kila kitu, na sisi tukajaribu ngano. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Namswea, na jiko lilikuwa chumba cha matofali mabichi chenye dirisha dogo la kutolea moshi. Tuliingia humo wanawake watatu: mama mkwe, mimi, na Edina. Mafiga yalikuwa ya Mama. Kigoda kilichokuwa karibu na mlango, penye hewa, kilikuwa changu kwa sababu nilitangulia kuolewa. Juu ya moto, kwenye kamba iliyopauka kwa moshi, kilining'inia kibuyu cha mbegu. Ndani yake kulikuwa na maharage madogo ya kijivu yenye mstari mweusi, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Mama aliyapokea kutoka kwa mkwe wake, naye kutoka kwa wake. Wanaume wa pale walikuwa na miti ya kahawa na majina yao kwenye orodha za chama. Sisi tulikuwa na kibuyu kile, na aliyekuwa nacho ndiye aliyesema lini tupande, nani apewe ngapi, na jirani gani anyimwe.

Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nasuuza sufuria, nilimsikia Mama akizungumza na jirani yake Mama Tarsila. Alisema, "Magoti yangu yamekataa mlima. Msimu ujao nawagawia hawa wawili mbegu nusu kwa nusu. Shamba litakalonipendeza, mwenye shamba atachukua kibuyu." Mama Tarsila akauliza, "Hata huyu wa ziwani? Ngoro zenyewe anazijua?" Mama akacheka kidogo, akasema, "Anajifunza upesi." Nilibaki na sufuria mkononi mpaka maji yakanilowesha miguu. Mimi nilikuwa nimefukia ngoro za nyumba ile, yale matuta yetu ya mlimani, misimu sita, na hakuna siku niliyosikia kwamba ninajua wala kwamba ninajifunza.

Bondeni tulikuwa na kipande cha tambarare, ndugu wawili wakakigawana, Ditriki upande wa mto, Kosmas, mume wangu, upande wa njia, wote wakapanda ngano. Bwana shamba akatangaza somo la siku moja kwenye ukumbi wa parokia juu ya dawa za kuua magugu. Kila nyumba itoe mtu mmoja. Mama alinitazama mimi. Nikasema nina mtama wa kuanika, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba atakayekwenda somoni ndiye atakayebeba bomba la kupulizia mgongoni, na nilishabeba vya kutosha. Edina akasema, "Naweza kwenda mimi, Mama, kama dada hana nafasi." Alirudi jioni na karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiswahili, akaisoma kwa sauti huku tunakula, bila kukwama hata neno moja. Mimi nilikuwa nasoma kwa kufuatisha kidole. Alieleza kwamba ngano ni jamii ya nyasi, dawa haiidhuru, inayatafuta yale yenye majani mapana tu. Mama akauliza, "Na mchicha wangu wa pembeni?" "Hata mchicha, Mama. Na maharage nayo ni majani mapana." Mama akatia tonge kwenye mboga akasema basi mwaka huu tutakula dawa, na wote wakacheka. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Aprili Edina alipuliza dawa upande wao. Alivaa koti la mvua la Ditriki lililomfika magotini, kitambaa puani, bomba mgongoni, anasukuma mpini kwa mkono mmoja na kuelekeza mrija kwa mwingine, anatembea kinyumenyume ili asikanyage penye dawa. Watu waliokuwa wakipita kwenda mnadani walisimama njiani kumtazama. Mwanamke kubeba bomba, tena mtu wa ziwani, tena ameolewa juzi. Baada ya siku chache kishona nguo, gugu letu sugu, upande wake kilianza kujinyonga, shina linapinda huku na huku kama linatafuta mahali pa kulala, halafu kikanyauka. Upande wangu kilistawi. Niling'oa kwa mikono wiki tatu, na kila jioni nilirudi na vijiti vyake vimenishika sketi mpaka kiunoni. Kosmas hakuwa mtu wa kusema sana. Jioni moja alikuja akaweka jembe ukutani, akasema, "Ungeona ngano ya Ditriki ilivyo safi." Mpaka leo, akiwa mzee asiye na meno ya mbele, namkumbusha sentensi ile, naye huapa hakuisema.

Ninapoandika haya najaribu kuona Edina alinikosea nini. Alikuwa akiniamkia kila asubuhi, "Shikamoo, dada," ingawa tulipishana miaka miwili tu. Akipika ugali wa muhogo, ule wa kwao, alinitengea wangu wa mahindi pembeni kwa sababu aliona unanishinda. Alipopata usipa wa kutumwa na mama yake alianza kunipakulia mimi. Yote hayo niliyahesabu kama hila. Mtu akiwa na wivu, wema unaotoka kwa yule mtu unamwasha kuliko matusi, maana matusi angalau yangempa sababu. Nilikaa nikisubiri Edina anitukane, na hakunitukana.

Tulivuna Agosti. Baada ya kupura, mabua yake yalikuwa ya rangi moja, marefu, manyoofu, hayana mbegu ya gugu hata moja. Yangu yalikuwa mchanganyiko, nusu mabua nusu kishona nguo, na kuyarudisha shambani ilikuwa sawa na kuyapanda magugu upya. Edina aliyafunga yake mafungu mafungu akayapanga chini ya paa la banda bovu kando ya njia. Jioni akaja na ile karatasi tena. "Dada, haya mabua yangu nitaezekea banda la mbuzi. Yasifukiwe ngoroni. Karatasi inasema dawa inabaki ndani ya bua hata likikauka, na likifukiwa maharage yanapata shida. Na kile kipande cha ngano mwakani ni mahindi tu, hayo hayana tatizo." Nilikuwa natoa majivu jikoni. Nikamjibu bila kunyanyua kichwa, "Mabua ni yako. Utafanya upendavyo." Kesho yake kisimani nikamwambia Mama Tarsila, "Watu wa ziwani wamezoea samaki, ndiyo maana wanatunyima hata majani makavu. Wanatafuta na karatasi ya kuwasaidia kunyima." Alicheka sana. Nilifurahia kicheko kile siku nzima.

Inabidi nieleze namna tunavyolima, kwa mtu asiyepajua kwetu. Milima ya Umatengo ni mikali, na mvua ikipiga juu ya mlima uliolimwa hovyo, udongo wote unashuka mtoni. Kwa hiyo mwezi Machi wanaume hufyeka majani, na yakishanyauka huyalaza kwa mistari inayokatana, miraba miraba, mlima mzima. Halafu wanawake wanaingia. Tunachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani, panabaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Hizo ndizo ngoro. Maji hukaa shimoni, majani huoza chini ya tuta, na juu ya tuta tunapanda maharage. Mwanaume analaza, mwanamke anafukia, na sijawahi kuona mwanamke akilaza majani mbele za watu. Machi iliyofuata Kosmas alilaza nusu ya juu ya shamba langu, kisha akaitwa Songea kumuuguza mjomba wake. Nusu ya chini ilibaki tupu, na majani ya kufyeka karibu yalikuwa yamekwisha. Ditriki alikuwa amemaliza shamba la mkewe, mistari imenyooka, majani ya kufyeka ya kutosha. Angenisaidia kama ningemwomba. Sikumwomba. Mama alikuwa ameshatugawia mbegu, kila mmoja kikapu kidogo, kisonzo kimoja, sawasawa, na kwenye kibuyu hakubakiza kitu.

Ilikuwa Jumapili. Nyumba yote ilikwenda misa, na Edina, ambaye alikuwa Mwanglikana na hapakuwa na kanisa lao karibu, alikwenda nao akakaa benchi la nyuma kama kawaida yake. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Walipopotea kwenye kona nikaenda banda bovu nikabeba yale mabua, mafungu mawili kichwani na moja kwapani, nikapanda mlima, nikarudi, nikapanda tena. Yalikuwa mepesi na yananukia vizuri. Niliyalaza mwenyewe, kazi ya mwanaume, siku ya Bwana, na mistari ikanyooka kuliko ya Kosmas. Nilisimama chini nikaitazama, jasho linanitiririka, nikasema moyoni kwamba sasa tutaona nani anajifunza upesi. Kuhusu karatasi sikuwaza sana. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba karatasi ni uchoyo, na nilichokwisha kukiamua wakati ule hakikuhitaji ushahidi. Alfajiri ya Jumatatu nikaanza kufukia, na hadi Jumanne mchana nilikuwa nimefukia na kupanda mbegu zote za Mama, juu na chini.

Jumanne ile ile Edina alinikuta nanawa miguu. "Dada, mabua hayapo bandani." Nikasema labda upepo. Hakubisha. Aliitazama miguu yangu yenye udongo, akapunguza sauti, akasema, "Kama kuna mtu ameyafukia mahali, na hajapanda, bado yanaweza kutolewa. Mimi nitamsaidia kuyatoa. Na kama ameshapanda, mbegu zifukuliwe leo kabla hazijaota. Hakuna atakayejua." Nimeyakumbuka maneno hayo kwa miaka hii yote kama ninavyokumbuka sala, na kila mara najiuliza mdomo wangu ulikuwa na nini. Mbegu zilikuwa ndani ya udongo kwa saa chache tu. Tungeweza kwenda wawili, tukazifukua tukizihesabu. Lakini ningelazimika kusema kwamba niliiba, na kumwambia yeye. Nikamjibu, "Edina, mimi nina kazi," nikaingia ndani.

Yaliota vizuri. Majani mawili ya kwanza yalitoka mapana, nikaimba. Majani yaliyofuata ndiyo yaliyotoka yamejikunja, kingo zimeinuka kama kikombe, na mashina yakaanza kupinda kama nilivyoona kishona nguo kikipinda mwaka uliotangulia. Nilijua siku ile ile. Nusu ya juu, penye majani ya Kosmas, maharage yalikuwa ya kijani na yanapanda, ingawa mbuzi wa Mama Tarsila walikuja kuyamaliza hayo kabla ya kutoa maua, nikaona hata mbuzi wako upande wa Edina. Nusu ya chini, tuta baada ya tuta, kila mahali palipokuwa na bua mashina yamepinda. Kwetu mlima wa mtu unaonekana kutoka mlima wa mwenzake. Mtu yeyote aliyesimama ng'ambo aliona shamba limegawanyika kwa mstari ulionyooka, na akaona miraba yangu mmoja mmoja. Nilikuwa nimeuandika wizi wangu mahali ambapo hata mimi, msomaji wa kidole, ningeusoma.

Mama alipanda mlima kwa magoti yake yale yale, akishika fimbo mkono mmoja na bega la Ditriki mkono mwingine. Edina alikuwa nyuma yao. Kosmas alikuwa amerudi kutoka Songea, akasimama pembeni. Mama aliinama, akang'oa mche mmoja uliopinda, akachimbua tuta kwa kidole, akatoa bua. Lilikuwa bado la rangi ya dhahabu. "Kosmas, hili ulilaza wewe?" Kosmas akasema, "Hapana, Mama." Mama akanigeukia. "Osmunda, hapa umefukia nini?" Ndipo Edina akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mabua yangu, Mama. Nilimpa dada mimi. Karatasi sikuielewa vizuri." Mama alimtazama Edina, akanitazama mimi, akamtazama tena Edina, aliyetusomea karatasi ile bila kukwama neno. Kisha akasema, "Basi mtu asiyeelewa karatasi hawezi kutunza mbegu." Akaanza kushuka.

Mimi nilibaki pale, na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko wizi. Sikumshukuru. Nilimchukia zaidi. Nilimwonea wivu kwa kuwa aliweza kusema uongo ule bila kutetemeka, kwa kuwa wema wake ulitosha kunifunika na bado ukabaki. Wiki nzima sikumtazama usoni. Juni Edina alivuna shamba lake, la majani ya kufyeka, maharage mazuri ya kijivu yenye mstari mweusi, yale pekee yaliyosalia ya mbegu ile. Mama akayachukua yote, akayachambua mwenyewe siku mbili, akayachanganya na majivu, akajaza kibuyu, na akanikabidhi mimi mbele ya Edina. Kama alijua, hakuniambia hadi anafariki. Nafikiri alijua. Nafikiri alinipa makusudi, ili kila nikipanda nijue napanda ya nani. Mwisho wa mwaka Ditriki akapata kazi ya kununua usipa Kihagara, wakahama. Edina aliniaga kwa kusema, "Dada, uyatunze." Nikajibu, "Safari njema."

Nilishuka Kihagara na debe langu. Kutoka Mbinga barabara inateremka mpaka masikio yanaziba, joto linapanda, halafu ziwa linatokea lote kwa pamoja. Nyumba ya Edina ilikuwa na uwanja wa mchanga uliofagiliwa, chanja za kuanikia samaki zimesogezwa pembeni kupisha watu. Walikuwa wameshamzika Ditriki miaka mitatu iliyopita, na sasa wakamzika yeye kando yake. Baada ya mazishi nilikaa na wanawake wa jikoni tukachambua maharage kwa mara ya mwisho kabla ya kuyainjika. Neema alikuwa kando yangu. Yeye ameolewa Tingi, huko juu kidogo penye ubaridi, analima. Alichota maharage kwenye kiganja, akawaambia wenzake, "Haya ndiyo ya bibi yetu wa mlimani. Mama alipaswa kupewa mbegu zake, lakini aliharibu. Alimpa mama mkubwa mabua yenye dawa kwa kutoelewa karatasi, shamba zima likafa. Alikuwa akitusimulia kila tulipochelewa kufanya kazi za shule. Alisema, someni, mimi kutoelewa kulininyima kibuyu." Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema, maskini mama wa watu.

Nilikuwa na maharage matatu mkononi. Nadhani ningeweza kuyarudisha kwenye ungo na kuendelea, kama nilivyoendelea miaka yote. Edina alikuwa amenifichia wizi ule vizuri kwa upande wake, hata kwa watoto wake mwenyewe. Nikasema, "Neema, mama yako alikuwa anasoma kuliko sisi sote katika nyumba ile. Karatasi aliielewa. Aliniambia nisiyafukie, mara mbili alinionya. Hakunipa yale mabua. Niliyaiba siku ya Jumapili, wao wakiwa misani, na akasema uongo ili kunificha." Mikono yote ikasimama. Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Neema alinitazama, na alikuwa na macho yale yale ya mama yake yaliyonitazama nilipokuwa nanawa miguu. Akauliza, taratibu, "Na kibuyu, mama mkubwa?"

"Kipo."

"Umekuja nacho?"

Nilikuwa nimeleta debe. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama chini ya kamba, nimenyoosha mkono mpaka nimekishika, kisha nikakiacha, nikajiambia barabara ni mbaya kitapasuka. "Sikuja nacho," nikasema. "Ni cha mama yako. Njoo ukichukue kabla ya mvua." Alikubali kwa kichwa, akarudi kuchambua. Alichambua upesi na vizuri, kwa kidole gumba, kama mtu aliyefundishwa na mtu ninayemjua. Wenzake walianza kumtengea yaliyo mazima ya mbegu, na mimi nikaona wivu unaniuma palepale ulipokuwa ukiniuma zamani.